Makopo, Mapango na Bada: Sabasaba Yetu Tanga

Jumanne usiku

Sabasaba imeangukia Jumatatu, na ukiomba ruhusa ya Ijumaa kazini unapata siku nne mfululizo za kupumua nje ya Dar. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limelala tangu Pasaka, likaamshwa na ujumbe mfupi: "Tanga. Nani yumo?" Aliyeandika ni Dereva, jina tulilompa kwa kuwa gari ni lake na hamwachii mtu usukani. Wa kwanza kujibu alikuwa Mtanga, ambaye kwao ni hukohuko: "Kwetu ni waja leo waondoka leo, lakini nyie mje kukaa." Akafuata Mhasibu, anayeshika pesa za kundi kwa sababu sisi wengine hatuaminiani, halafu mimi.

Kwenda ilikuwa rahisi kukubaliana. Tukifika tufanye nini, hapo ndipo palipowaka moto. Dereva amenogewa na jiokashi, mchezo wa kutafuta vificho kwa simu, na alishatengeneza ramani yenye alama kuanzia Bagamoyo mpaka Pangani. Mhasibu yeye hatembei hata kilomita moja bila kujua mwisho wake kuna nini cha kula. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba hatoi pesa ya petroli kwa ajili ya kwenda kupekua vichaka.

Kwa asiyeujua: mtu anaficha kopo mahali, anatangaza mtandaoni kodineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani, wengine wanalitafuta, wakiliona wanasaini kidaftari kilichomo na kulirudisha palepale. Mchezo una umri wa miaka ishirini na ushei. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiichafua makusudi ishara ya raia ya GPS, mfumo wa satelaiti unaokiambia kifaa kilipo, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea hadi mita 100. Walipoacha kuichafua, kosa likashuka mara moja hadi mita chache, na tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini karibu na Portland, Oregon, akawaambia watu waitafute. Ndani aliweka daftari, penseli na vikorokoro kadhaa, ukiwemo mkebe wa maharage.

Mhasibu aliposikia habari ya maharage akalegea kidogo. Akasema basi mchezo ulianza na chakula, ni nyie mmeuharibu. Dereva akamjibu kwamba siku hizi chakula ni marufuku ndani ya kificho, maana wanyama wananusa na kulitafuna kopo. Saa tano usiku tukafikia mkataba: kificho kimoja, sahani moja. Tukishatafuta, tunakula, na hatuendi kwenye alama inayofuata kabla Mhasibu hajasema ameshiba.

Jumatano na Alhamisi

Mambo ya kawaida ya safari hayakuchukua muda. Malazi nyumbani kwa kina Mtanga, Chumbageni, kwa sharti la kuja na mchele na sukari. Petroli tunachanga sawa. Ramani za njia nzima tukazihifadhi kwenye simu ili mtandao ukikata tusibaki tunaduwaa. Dereva akachuja orodha yake: kila kificho kina alama mbili, ya ugumu wa kukiona na ya ugumu wa kukifikia, kuanzia 1 hadi 5. Akafuta vyote vilivyozidi 3 kwenye kufikia, kwa heshima ya magoti ya Mhasibu.

Kilichotukalisha ni kopo. Mtanga alitaka na sisi tuache kificho chetu kule, na wazo lilikuwa zuri mpaka tuliposoma masharti. Kwanza, kisiwe chini ya mita 161 kutoka kificho kingine. Pili, usichimbe. Tatu, mwenye eneo awe amekubali. Nne, huruhusiwi kuficha ukiwa safarini kisha ukaondoka zako. Lazima awepo mtu wa kukitunza, kukausha daftari likilowa, kukirudisha kikipotea. Hilo la nne likatatuliwa na Mtanga mwenyewe: baba yake mkubwa ana shamba la minazi barabara ya Pangani, na yeye hurudi nyumbani mara kwa mara.

Sharti la tano ndilo lililomuuma Mhasibu. Kificho hakiruhusiwi kuwa tangazo la biashara. Sasa mama mkubwa wa Mtanga anauza chakula cha mchana kwenye banda hapohapo mbele ya shamba, na Mhasibu alishaandika maelezo kichwani: tafuta kopo, kisha ule bada kwa Mama. Dereva akamwambia huko mtandaoni wahakiki, wanaopitia kila kificho kabla hakijatangazwa, wataikataa hata kabla hawajamaliza kuisoma. Mhasibu akauliza kama harufu nayo ni tangazo.

Alhamisi jioni tukakutana kuandaa kopo lenyewe: la plastiki, lenye mfuniko wa kubana pande nne na mpira unaozuia maji. Daftari dogo ndani ya kifuko cha plastiki. Penseli badala ya kalamu, kwa kuwa wino wa kalamu hukauka au kuvuja kwenye joto la pwani. Vitu vya kubadilishana: shanga, vifungo vya kanzu, sarafu za zamani za senti hamsini, kitambaa cha kanga kilichokatwa mraba.

Mtanga akavitazama vile vitu vilivyopangwa mezani, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani. Shanga, sarafu, kitambaa, karatasi iliyokunjwa, vyote ndani ya kopo, halafu mkafukie kwenye mizizi ya mti kwa baba mkubwa. Mnajua hicho ni nini?"

Tulijua. Huko Oregon mtu akiokota kopo kama hilo atadhani ni takataka. Kwetu atadhani ametegewa. Atakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, au atalichoma moto, au, mbaya zaidi, ataanza kujiuliza ni jirani gani aliyeliweka. Nadhani ni jambo ambalo wageni wanaoficha makopo pwani yetu hawalifikirii kabisa, wakaishia kulalamika kwamba vificho vyao vinapotea.

Tukaondoa shanga na kitambaa, tukaacha vifungo, sarafu na kigari kidogo cha kuchezea. Halafu tukaandika barua ya kuweka juu kabisa, Kiswahili kwanza: "Hodi. Kopo hili ni la mchezo wa kutafuta vitu kwa simu. Limewekwa kwa ruhusa ya mwenye shamba. Ukiliona kwa bahati, andika jina lako, lirudishe ulipolikuta." Mhasibu alitaka tuongeze "si uchawi". Mtanga akakataa katakata: ukiandika si uchawi, umeshawaambia ni uchawi.

Ijumaa

Tuliondoka Sinza saa kumi na nusu alfajiri kupitia Tegeta, tukafuata njia ya Bagamoyo hadi Msata badala ya kwenda kupambana na malori ya Kibaha na Chalinze. Kwa anayeishi upande wa kaskazini mwa jiji sioni sababu ya kupita kwingine.

Bagamoyo tuliingia jua likichomoza. Mkataba ulisema kificho kwanza, lakini Mhasibu akadai kifungua kinywa hakihesabiki, basi tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anayechoma vitumbua kando ya barabara. Alikuwa na chuma chenye mashimo saba. Anatia mafuta kijiko kimoja kila shimo, anamimina uji wa mchele uliolala na hamira usiku kucha, anafunika, kisha anazungusha mkono kuvigeuza kwa kijiti kimoja chembamba bila hata kimoja kuraruka. Iliki ilisikika mpaka kwenye gari. Tulikula vya moto, mkono mmoja chai ya rangi, hakuna aliyezungumza.

Kisha Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Ni magofu ya mji wa Waswahili yenye msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe na ule mbuyu ambao waongozaji huwaambia wageni ukiuzunguka unaongeza umri. Mhasibu aliuzunguka, akaongeza na mzunguko wa akiba. Kificho cha kwanza hatukukitafuta ndani ya magofu. Kilikuwa nje kabisa, kando ya njia, kwenye pembe ya ukuta wa zamani uliobomoka: kichupa cha filamu, kidogo kuliko kidole gumba changu, chenye ukanda wa karatasi uliojaa majina ya watu wa Ujerumani na Ucheki. Dereva alisaini kwa niaba yetu kwa herufi ndogo kweli, akakirudisha, akabaki anatabasamu mpaka Msata.

Daraja jipya la Wami ni raha tupu kwa anayelikumbuka lile la zamani la njia moja, pale chini bondeni, ambapo malori yalikuwa yakisubiriana. Baada ya hapo ni mkonge, mahindi yaliyokauka, mkonge tena. Segera tukanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Hale, Muheza, na saa nane mchana tukawa Chumbageni tunaamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona mmechelewa? Wali umeshapoa."

Hakuna aliyemwambia kuhusu vitumbua na mahindi. Tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka, samaki aliyebanikwa kwanza kwenye makaa kisha akapakwa tui zito lenye bizari, kitunguu saumu na ndimu, akarudishwa motoni mpaka lile tui likashika rangi. Mhasibu aliomba ukoko.

Jioni tukaenda ufukweni mjini kutafuta kificho cha pili. Maelezo yake yalisimulia vita vya Novemba 1914, wakati Waingereza walipoleta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kuiteka Tanga, wakazuiwa na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Na nyuki, waliochokozwa na risasi, wakawashukia watu bila kubagua bendera. Dokezo lilisema tu: "Kaa upumzike, kisha pitisha mkono chini." Yaani benchi.

Watu wazima wanne tukiwa tumeinama tunapapasa chini ya mabenchi saa kumi na mbili jioni si jambo la kupita bila kuonekana. Wanaocheza Ulaya hufundishana kujificha wasionwe na wasiocheza. Tanga hujifichi. Muuza kahawa alitusogelea, birika mkono mmoja, mkono mwingine ukigonganisha vikombe, akasimama kutuangalia kwa huruma.

"Mwatafutani? Mmeangusha ufunguo?"

Dereva akaanza kueleza kwa kigugumizi habari za kampuni ya simu na utafiti. Mtanga akamkatiza, akamwambia ukweli wote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa.

"Benchi lenu lilikuwepo pale," akasema, akaonyesha kwa kidevu mahali palipobaki vipande viwili vya chuma ardhini. "Limeondolewa likatengenezwe. Hicho kikopo kitakuwa kimekwenda nalo."

Simu ilikuwa imetuleta mita kumi na mbili kutoka pale, ikatuacha. Yeye alituambia kwa sentensi mbili. Tulikunywa kahawa chungu na kashata ya karanga, na Dereva akaandika kwenye programu kwamba hatukukiona na sababu yake, ili mwenyewe ajue. Watu huona aibu kuandika hivyo. Ila kwa mwenye kificho taarifa hiyo ina faida kuliko sifa kumi.

Jumamosi

Mapango ya Amboni yapo kilomita nane hivi kutoka mjini, unafuata barabara ya Mombasa kisha unaingia kushoto kuelekea Kiomoni. Tulifika mapema kabla ya mabasi ya wanafunzi. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mzima mwenye tochi mbili na utani usiokwisha.

Ni mapango ya mawe ya chokaa, umri wake mamilioni ya miaka, enzi bahari ilipokuwa imefunika eneo lote. Maji yamechonga, yamedondosha, na yameacha maumbo ambayo kila mwongozaji ana majina yake: huyu tembo, hili kochi, ile meli. Kuna vyumba unasimama wima na tochi haifiki juu, na kuna mahali unapita kwa tumbo. Popo ni wengi na harufu yao inakutangulia. Mwongozaji alitusimulia habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya kikoloni, na akatusimulia zile hadithi za njia inayotokea Mombasa na nyingine inayofika Kilimanjaro. Hizo ni hadithi. Wataalamu walioyapima mwaka 1994 walipata pango refu kuliko yote kuwa na mita 900 hivi. Mita 900 gizani zinatosha kabisa.

Nilichotaka kuandika zaidi ni hiki. Kwenye chumba kimoja kuna mzimu, mahali watu wanapokuja kuomba: watoto, afya, kesi iishe vizuri. Tochi ikaangaza chupa za marashi, sarafu, vitambaa, majivu ya ubani, na ndani ya ufa wa mwamba, usawa wa kifua, kikopo cha bati chenye mfuniko. Mkono wa Dereva ukaanza kunyanyuka. Hakufikiri, anayecheza mchezo huu macho yake yameshazoea kutafuta kitu chochote kisicho cha asili kwenye ufa wa jiwe.

"Usiguse, kaka," mwongozaji akasema taratibu, bila ukali. "Hicho kina mwenyewe."

Mkono ukashuka. Tukasimama pale kidogo. Mhasibu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alinyamaza. Kisha mwongozaji akaendelea kutuonyesha kochi jingine la mawe na utani ukarudi, lakini njia nzima ya kutoka nilikuwa nalifikiria kopo letu lililokuwa kwenye buti la gari, na jinsi lilivyokuwa na bahati kwamba Mtanga alilitazama kabla yetu.

Nje, tukiwa tumekaa karibu na Mto Mkulumuzi tukipukuta vumbi, Dereva akaeleza kwamba mchezo una aina isiyo na kopo kabisa, iliyoanzishwa kwa ajili ya maeneo ya jiolojia mwaka 2004 kwa ushirikiano na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Unakwenda, unatazama mwamba, unajibu maswali: tabaka hizi zimetokeaje, maji yalipita upande gani. Huachi kitu, huchukui kitu. Kwa Amboni naona ndiyo aina pekee inayofaa, na mtu wa Tanga mwenye elimu ya miamba akiiandika vizuri, kwa Kiswahili, nitairudia safari hii kwa ajili yake.

Jioni ilikuwa ya Ngamiani, mitaa ile ya barabara zenye namba, na hapo zamu ya kuongoza ikawa ya Mhasibu. Hakuna kodineti, tuliuliza. Tulimuuliza fundi baiskeli, maana Tanga baiskeli bado ina heshima yake, akatuelekeza barabara nyingine kabisa na ile tuliyodhani. Tukakuta meza yenye karai la mafuta, viazi karai vya rangi ya manjano, kachori zenye pilipili iliyofichwa katikati, bajia za kunde na chatini ya nazi. Halafu supu ya pweza kwa yule kijana aliyekuwa pembeni, anayekata mkia vipande vidogo na kukuuliza, bila kutabasamu, kama umeoa. Mishikaki. Mkate wa kumimina, uliochomwa kwa makaa chini na juu. Juisi ya ukwaju. Dereva alilala saa tatu.

Jumapili

Barabara ya Pangani imekuwa ikijengwa, vipande vya lami vinabadilishana na vumbi. Tukasimama Tongoni. Msikiti uliobaki kuta, na kuuzunguka makaburi zaidi ya arobaini ya enzi ambazo mji huu ulikuwa unajulikana kwa jina la Mtangata. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498 meli yake ikakwama, na mwaka uliofuata akirudi kutoka India aliichoma moto moja ya meli zake kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha zote. Kwenye nguzo za makaburi unaona vishimo vya duara vilivyokuwa vimepachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Vishimo vile ni vitupu sasa. Dereva alivitazama mikono yake ikiwa mfukoni. Mlinzi akatuletea kitabu cha wageni, tukasaini wote, na Mhasibu akatangaza kwamba kwa mujibu wa mkataba hicho ni kificho, kwa hiyo tunadaiwa sahani.

Sahani ilikuwa kwa baba mkubwa. Shamba lake linaanzia barabarani na kuishia kwenye mikoko. Mama mkubwa alikuwa bandani anasonga bada na wateja wanne wameshakaa.

Bada ni ugali wa muhogo, lakini ukiuita hivyo mbele ya Mdigo atakusahihisha. Muhogo unamenywa, unakaushwa mpaka uwe makopa, unatwangwa na kuchekechwa. Unga unaopatikana ni mweupe, lakini ukishaingia maji ya moto unageuka kijivu na kuanza kuvutika. Mama mkubwa alikuwa ameibana sufuria kwa miguu yake miwili, mwiko mrefu mikononi, akiukunja kutoka pembeni kuja katikati. Mwiko ukipanda, bada inaufuata, inang'aa, kisha inakatika na kurudi. Aliuonja kwa kidole chenye maji, akaongeza ngumi moja ya unga, akasonga tena mpaka akasema "imeiva", ingawa machoni mwangu haikubadilika hata kidogo. Ikaja na mchuzi wa papa mkavu wa nazi na mchicha. Bada haitafunwi sana. Unakata tonge, unachovya, unaiacha iteremke. Dereva aliyekulia bara alitafuna ya kwanza kama ugali wa dona na wateja wote wanne wakamcheka.

Baada ya hapo likaja suala la kopo. Tulimweleza baba mkubwa kila kitu. Aliisoma ile barua mara mbili, akauliza maswali ambayo hakuna mhakiki wa mtandaoni angeyauliza. Hao watakaokuja watapita wapi, maana huku kuna mihogo ya watu? Watakuja usiku? Watoto wakilichukua nani atadaiwa? Na je, jirani anayepakana naye ameambiwa?

Jirani hakuwa ameambiwa. Basi tukaenda, watu watano, kubisha hodi kwa jirani, tukakaribishwa madafu, tukaeleza upya, jirani naye akamwita mjumbe wa mtaa aliyekuwa anapita na baiskeli. Saa moja na nusu ikaisha. Naomba isieleweke kwamba nalalamika. Kila aliyeelezwa ni jicho moja zaidi la kulinda kopo, na mjumbe ndiye aliyependekeza mahali: lisiwe mzizi wa mbuyu, mahali ambapo kila mtu angepatazama kwa wasiwasi, liwe kwenye mtumbwi mbovu wa zamani wa baba mkubwa uliolazwa chini ya minazi, ndani ya shimo la mlingoti. Huchimbi, haliloi mvua, na mtu akiliona anaona liko kwenye mali ya mtu anayejulikana.

Dereva aliweka simu juu ya mtumbwi, akaiacha dakika kadhaa ili kodineti zitulie, akarudia kupima kutoka upande mwingine, akachukua wastani. Mtanga akajaza fomu kwenye programu kwa jina lake. Mistari ya maelezo ilikuwa Kiswahili, chini yake Kiingereza, pamoja na agizo la baba mkubwa: njoo mchana, anza kwa kubisha hodi nyumba yenye bati jekundu. Chakula hakikutajwa. Banda la mama mkubwa liko hatua thelathini kutoka hiyo nyumba na moshi wake huenda upande wa mtumbwi kusi ikivuma.

Pangani mjini tulifika jua limeshaelemea. Nyumba za zamani zimechoka, mto ni mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, kivuko kinakwenda Bweni na kurudi na pikipiki, mbuzi na magunia ya nazi. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri, tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kuwasumbua pwani nzima. Kulikuwa na alama moja ya Dereva upande wa pili wa mto. Tulikitazama kivuko kikiondoka nasi tukiwa ng'ambo hii, tumeshiba, na hakuna aliyelalamika kuiacha.

Jumatatu, Sabasaba

Tuliondoka baada ya chai na mahamri, mbaazi za nazi zikiwa zimewekwa kwenye chombo cha njiani kwa amri ya mama. Muheza tukanunua machungwa. Ni msimu wake na yamepangwa mafungu barabarani. Ushauri wangu ni kuingia sokoni hatua chache, bei inashuka na unaruhusiwa kuonja. Tulichukua gunia dogo, na kuanzia Segera hadi Wami gari zima likawa maganda.

Mhasibu alifunga hesabu tukiwa Msata. Petroli ilikula kubwa, kama kawaida. Viingilio vya Kaole, Amboni na Tongoni kwa pamoja havikufikia nusu ya petroli. Chakula kilikuwa kidogo kuliko alivyotenga, kwa sababu nyumba mbili zilitulisha bure. Chenji ikapigiwa kura kurudi kwa mama mkubwa kwa njia ya simu, na akaturudishia ujumbe wa kutufokea.

Saa tisa, tukiwa foleni ya Bunju, simu ya Mtanga ikalia. Mhakiki amejibu: kificho kinaonekana sawa, ila anaomba uthibitisho kwamba mwenye eneo ameruhusu. Mtanga akaandika kwamba mwenye eneo, mkewe, jirani wa kusini na mjumbe wa mtaa wote wameruhusu, na kama anataka namba zao atapewa. Dereva ameshafungua ramani ya Lushoto kwa ajili ya Desemba. Mhasibu anauliza kule wanakula nini.